Ubao wa kujaza upepo si puto la watoto

Anayeanza kupiga kasia akiwa amesimama juu ya ubao huambiwa aukwepe ubao wa kujaza upepo: eti ni wa watoto, unapinda. Si kweli. Ndani yake matabaka mawili yameunganishwa kwa maelfu ya nyuzi, kwa hiyo ukijazwa hautuni kama puto. Unakuwa bapa na mgumu. Tatizo ni watu kuacha kupiga pampu mapema. Ikifika psi 10 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) pampu ya mkono inakuwa nzito, wakadhani umejaa. Mbao nyingi hutaka psi 12 hadi 15. Chini ya hapo unabonyea katikati, na lawama inaangukia ubao. Soma kiwango kilichoandikwa karibu na vali.

Ubao mgumu usiojazwa upepo bado unashinda kwenye mbio na mawimbi, hilo nakubali. Lakini kinachompa mgeni utulivu ni upana: tafuta inchi 32 hadi 34, urefu wa futi 10 au 11, na hakikisha unabeba uzito wako.

Anza kwa magoti, karibu na mpini wa katikati. Ukisimama, tazama mbele, si miguuni. Bapa la kasia liinamie mbele. Wengi hulishika kinyume. Vaa jaketi la kuokolea na kamba ya mguuni. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, usiingie kabisa: ufuoni maji huonekana shwari, ila ukisogea kidogo unasukumwa kina kirefu na kurudi kunakushinda.