Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta za Zamani Hutafutwa Studio kwa Sauti Yake ya Mikwaruzo?

Katika baadhi ya studio za muziki, kando ya mitambo ya kisasa, utaikuta Amiga 500 au Commodore 64, kompyuta zilizouzwa miaka ya 1980 kwa ajili ya michezo na kazi ndogondogo za nyumbani. Hazikuwekwa pale kama pambo, kwa maana maprodyuza huzitumia kuzipa ngoma na besi mkwaruzo ambao mitambo mipya iliundwa makusudi kuuondoa.

Chanzo cha mkwaruzo huo ni uchache wa namba. Chipu ya sauti ya Amiga, iitwayo Paula, ina chaneli 4 na husoma sampuli (vipimo vya sauti iliyorekodiwa) za biti 8, yaani kimo cha wimbi la sauti hupimwa kwa ngazi 256 tu, ilhali CD yenye biti 16 ina ngazi 65,536. Kipimo kinachoangukia kati ya ngazi mbili hulazimika kusogezwa hadi ngazi iliyo karibu, na kosa hilo dogo, likijirudia maelfu ya mara kwa sekunde, husikika kama mchakacho wa mchanga ulioshikamana na sauti yenyewe. Sikiliza mlio wa toazi uliorekodiwa kwa biti 8: mwanzo wake una nguvu na hauonyeshi kasoro, lakini unapofifia hubakiwa na ngazi chache za kushukia, kwa hiyo badala ya kuyeyuka taratibu huishia kwa kukwaruza.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye utamu zaidi, ni namna Paula inavyobadilisha noti. Haikokotoi sampuli mpya; hubadilisha tu kasi ya kuzisoma zilizopo. Noti ikishushwa, kila ngazi hushikiliwa kwa muda mrefu zaidi, na kona za wimbi lililokatwakatwa hivyo huzaa masafa ya juu, yaani milio myembamba na mikali, ambayo hayakuwamo katika rekodi. Kipo kichujio cha kuyapunguza, lakini programu inaweza kukizima, na kwenye Amiga 500 taa yake ya kuonyesha kuwa imewashwa hufifia kinapozimwa, kana kwamba mashine inakuarifu kuwa makali yameachiwa.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ni habari nyingine. Chipu yake, SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, huunda mawimbi yake yenyewe kwa sauti 3 zinazoweza kulia pamoja na kuyapitisha katika kichujio cha analogi (kinachofanya kazi kwa mkondo wa umeme, si kwa namba) ambacho, hasa katika matoleo ya mwanzo, hutofautiana kati ya chipu moja na nyingine, hivyo wimbo uleule unaweza kusikika tofauti kwenye kompyuta mbili za aina moja.

Zipo programu zinazoiga haya yote, na ngazi 256 ni rahisi kuziiga kuliko tabia ya kichujio cha SID. Mwenye Amiga halisi huongeza kasi ya ngoma kabla ya kuirekodi ndani yake, akaicheza kwa noti ya chini hadi irudie kasi yake ya awali, kisha akairudisha kwenye mitambo ya kisasa ikiwa na mikwaruzo yake yote.