Kofia ya Kongowea na ushindi wa kubahatisha

Mwenzangu mmoja wa barazani huku Mji wa Kale kanunua kofia ya mtumba Kongowea, nyeusi na chungwa, ina ndege kwa mbele, kumbe ni ya Baltimore Orioles, timu ya besiboli kule Marekani. Akagugo, akaona 2012 walishinda mechi 93 wakapoteza 69, akanijia mbio, "We si mtu wa takwimu? Hawa walikuwa wakali kweli ama ni bahati?" Swali zuri aisee, na kazi yangu ndo hizo hesabu.

Msimu wao ni mechi 162. Sasa chukua shilingi, irushe mara 162, ikija kichwa umeshinda. Kwa wastani utapata 81, lakini bahati peke yake yaweza kukupandisha ama kukushusha mechi 6 hivi na wala si ajabu, ni kawaida kabisa. Na timu ziko 30, kwa hivo hata zote zingekuwa shilingi tupu, ile ya juu ingefika 93, 94 huko, na kocha angemwagiwa sifa mpaka azame.

Ndo maana mimi ushindi siutazami sana, natazama rani (ndo pointi za besiboli, kama mabao kwa mpira), maanake ziko nyingi na bahati haziyumbishi kirahisi hivo. Kuna fomula ya Bill James, bingwa wa takwimu za besiboli: chukua rani ulizopata uzizidishe kwa zenyewe, fanya hivo kwa ulizofungwa, halafu zile zako gawanya kwa jumla ya zote mbili, ukizidisha na 162 wapata mechi unazostahili kushinda. Baltimore 2012 walipata 712 wakafungwa 705. Tofauti ni rani 7 msimu mzima, walahi! Fomula inawapa mechi 82 tu. Hizo 11 za juu zimetoka wapi? Angalia mechi zilizoamuliwa kwa rani moja: walishinda 29, wakapoteza 9. Shilingi ingewapa 19.

Hapo ami muuza kahawa akaingilia, ati huo ni moyo, wale ni watu wa dakika za mwisho. (Besiboli haina dakika ami, lakini nimekuelewa.) Na kweli walikuwa na Jim Johnson, mrushaji wa kufungia mechi, aliokoa mechi 51 mwaka ule, yani aliingia mwishoni timu ikiongoza kidogo akalinda ushindi. Haya, 2013 Johnson yuko pale pale, kaokoa 50, na mechi za rani moja wakashinda 20 wakapoteza 31. Moyo ulienda wapi?

Na hapa ndo napapenda mimi: 2013 timu ilikuwa bora zaidi! Rani 745 kwa 709, tofauti imetoka 7 ikafika 36, lakini ushindi ukashuka kutoka 93 hadi 85, sawasawa na fomula ilivotaka. Mtu anaesoma jedwali peke yake angeapa wameharibika. Mwaka uliofuata wakapata 705 wakafungwa 593, wakashinda 96 wakachukua divisheni yao, na fomula ilisema 95. Ile ndo timu kali, ya 2012 ilikuwa ya wastani iliyoangukiwa na mvua ya mechi za kukwaruzana.

Jamaa kashika hio ya 2014, kasema kofia havui. Na ami kanifunga dhumna mara tatu mfululizo nikiwa bado naeleza, anadai ni kipaji, nikamwambia tupige 162 kwanza.