Kabla ya kutafuta dawa ya nguvu za kiume

Maneno "nguvu za kiume" yamebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mgonjwa mmoja huyatumia akimaanisha kwamba hamu imepotea, mwingine kwamba anamaliza mapema, wa tatu ana wasiwasi kwa kuwa hapati mtoto, na wa nne ndiye ambaye uume wake hausimami, au husimama kisha ukalegea kabla ya tendo kwisha. Vyanzo vya matatizo hayo ni tofauti na tiba zake ni tofauti, ndiyo maana kliniki huwa naanza kwa kuuliza ni nini hasa kinachotokea. Hapa nazungumzia hilo la nne peke yake, likiwa limejirudia kwa takribani miezi mitatu au zaidi. Kushindwa mara moja baada ya siku ya uchovu, pombe nyingi au ugomvi wa nyumbani si ugonjwa.

Uume wa binadamu hauna mfupa. Kinachousimamisha ni damu. Mwanamume anaposisimka, neva za uume na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli laini iliyomo humo, damu ikaingia kwa wingi katika mihimili miwili iliyo kama sifongo, nayo ikishajaa hubana vena zake yenyewe, yaani mishipa inayorudisha damu, ili damu isitoroke. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa, na mwaka huo huo sildenafili, ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuijaribu kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, iliidhinishwa Marekani kutibu tatizo hili.

Kwamba dawa ya moyo iliishia hapa si ajabu. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2 hivi, ilhali ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Kisukari, shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli) nyingi na sigara huharibu mishipa ya mwili mzima, lakini iliyo myembamba huzidiwa kwanza, na kwa wanaume wengi tatizo la uume hutangulia dalili za moyo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo anapokuja mtu wa miaka 45 akitaka vidonge tu, nami nikampa na kumruhusu aende bila kumpima sukari, lehemu na shinikizo la damu, nitakuwa nimemnyamazishia kengele huku moto ukiendelea kuwaka.

Usishangae nikikuuliza habari za alfajiri. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usiku akiwa usingizini, pasipo kujua. Kama uume bado unasimama vizuri wakati wa kuamka lakini unagoma mbele ya mwenzi, mishipa na neva huenda ni nzima, na inafaa tutazame hofu, sonona au mambo yaliyo kati yenu wawili. Hata hivyo, mara nyingi mwili na akili huchanganyika: mishipa ikishindwa mara mbili tatu, mtu huingia kitandani na hofu, na hofu hiyo yenyewe hubana mishipa.

Nitaomba pia kuona dawa zako zote, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona huchangia. Usiziache mwenyewe, kwani mara nyingi ipo mbadala. Kipimo cha testosteroni huchukuliwa asubuhi, wakati homoni hiyo iko juu, na jibu likiwa chini hurudiwa kabla ya kuamua lolote.

Vidonge huwasaidia wengi, ila havifanyi kazi pasipo msisimko, na sildenafili ikimezwa juu ya mlo wenye mafuta mengi huchelewa. Wengi wanaoniambia kwamba havikuwafaa walijaribu mara moja tu. Vikishindwa kweli, zipo pampu za kuvuta damu, sindano zinazochomwa kwenye uume wenyewe, na upasuaji wa kuweka vipandikizi.

Jambo moja sina mzaha nalo. Anayetumia dawa za jamii ya nitrati kwa ajili ya moyo, mfano nitrogliserini, asimeze vidonge hivi kabisa, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kuua. Hatari hiyo imo hata katika unga unaouzwa kama mitishamba mitupu, kwani maabara zimekuta mara nyingi bidhaa za namna hiyo zimechanganywa sildenafili kwa siri. Na uume ukibaki umesimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane.

Ikiwa maneno yanakukwama mbele ya daktari, andika kwenye karatasi tatizo lilianza lini, alfajiri hali ikoje, unaumwa nini kingine na unatumia dawa gani, kisha mkabidhi. Wagonjwa wangu kadhaa walianza hivyo, na tulipomaliza kuisoma, mazungumzo yaliyobaki hayakuwa magumu.