Wu Lei hakutengenezwa na hela za 2018

Kila akitajwa Wu Lei, yule mshambuliaji wa China, utasikia "huyo ni wa zile hela nyingi zilizomwagwa ligi ya China, Espanyol ya Hispania walimchukua wauze jezi tu". Jamani hapana, huyu dogo alianza kabla hizo hela hazijaja kabisa.

Alizaliwa Nanjing 1991, akiwa bado mtoto akaenda Chongming, kile kisiwa kwenye mdomo wa mto Yangtze pale Shanghai, kwenye akademi ya kocha mkongwe Xu Genbao, ambaye alichukua wale vijana wake akawafanya timu kamili, Shanghai East Asia, akawapeleka ligi ya daraja la tatu wacheze na watu wazima. Septemba 2006 Wu Lei akaingia uwanjani ana miaka 14 na siku 287, mchezaji mdogo kuliko wote kwenye soka la kulipwa la China. Miaka 14, huku kwetu huyo bado yuko shule ya msingi au ndo kaanza sekondari!

Wakapanda 2007, wakakaa daraja la pili misimu mitano, mpaka 2012 ndo wakapanda ligi kuu na yeye ndo anafunga. Wenye bandari ya Shanghai, SIPG, wakainunua timu baadaye. Kwahiyo mabao yake 27 ya 2018 na ubingwa wa ligi vilikuja baada ya miaka 12 ya kazi.

Na huko Hispania? Januari 2020, akiwa Espanyol, alitokea benchi akawafunga Barcelona dakika ya 88, ikaisha 2-2.