Kuogopa si Kukosa Imani

"Mkristo wa kweli haogopi." Usemi huu huegemezwa kwenye 2 Timotheo 1:7: "Mungu hakutupa roho ya woga." Wengi huishia hapo, lakini mstari unaendelea: "bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Moyo huo wa kiasi ndio unaokufanya uvae helmeti bodaboda ikifika, hata kama umeshaomba.

Mtazame Paulo katika Matendo 27. Msimu wa hatari baharini umeshafika, anawaonya wenzake merikebuni wasiendelee na safari kutoka Krete, hawamsikilizi. Katikati ya dhoruba malaika anamhakikishia kwamba hakuna atakayekufa. Je, alikunja mikono? Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, alimwambia akida, mkuu wa askari: hawa wasipobaki merikebuni, hamtaokoka. Kisha akawasihi watu wote 276 wale chakula. Hapo ndipo ninapoguswa zaidi: ahadi ya Mungu anayo, na bado anahangaika na mkate.

Wala hakuwa mwoga. Kabla ya safari hiyo, huko Kaisaria, nabii Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo kumwonyesha yatakayompata Yerusalemu. Paulo alikwenda, akijua gharama na anachokifuata.