Mbwa wa mume anabwekea kila tuktuk, mtafute trena gani?

Juzi dada mmoja wa hapa Malindi alinipigia, ameolewa majuzi tu, kahamia kwa mume kule Casuarina na mbwa kamkuta pale pale, dume wa miaka mitatu. Anabwekea kila tuktuk inayopita, wageni anawarukia, na wenyewe wakitoka anakwaruza mlango mpaka rangi imebanduka. Akaniuliza, daktari, kuna trena, jamaa anafundisha mbwa wa walinzi, nimpelekee amnyooshe?

Nikamwambia dadangu ngoja kwanza. Mie ni daktari wa mifugo na hao waliokwisha "kunyooshwa" naletewa sana, shingo imechubuka kwa mnyororo, habweki tena kweli, lakini siku moja anang'ata bila hata kunguruma. Manake kunguruma ni onyo. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma umemwondolea lile onyo tu, uoga uko ndani vile vile.

Nikaenda kumwona. Masikio kayalaza nyuma, mkia kaukunja tumboni, analamba midomo na hakuna chakula, weupe wa macho unaonekana. Huyo si mkorofi, huyo anaogopa. Mtoto wa mbwa anazoea dunia zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na huyu alilelewa ndani ya geti, hajaona tuktuk wala mtu wa kanzu wala buibui linalopepea na upepo wa kusi. Nikampima pia, na sikio la kushoto lilikuwa limejaa kupe na limevimba, ukimgusa analia. Kwa hiyo kabla ya trena yeyote anza kwa daktari, mbwa mwenye maumivu hafundishiki.

Sasa trena. Hapa kwetu mtu yeyote anaweza kujiita trena, hakuna wa kumzuia, basi mwulize swali moja: mbwa akikosea unamfanyaje? Akikwambia anamvuta kola, anamlaza chini ajue bosi nani, aga uondoke. Hiyo habari ya bosi ilitoka kwa mbwa-mwitu wa kufungiwa, wasiojuana, waliowekwa pamoja, na L. David Mech, mtafiti wa mbwa-mwitu wa Marekani na mmoja wa walioieneza sana, mwaka 1999 akaandika kwamba porini kundi ni baba na mama na watoto wao tu. Anayekuahidi wiki mbili na mbwa amepona, huyo pia mwache. Halafu omba umwone akifanya kazi na mbwa mwingine, na usimtazame yeye, mtazame mbwa. Mkia umelegea? Anamfuata kwa hiari yake au anajikunyata akiinuliwa mkono?

Kazi yenyewe ikoje, tulijaribu barabarani pale pale. Mbwa kavaa hanesi, ile mikanda ya kifuani, mume kashika kamba, mie nina dagaa wakavu mfukoni. Tuktuk ikitokea kwa mbali, dagaa. Ikishapita, simpi tena. Tukiwa hatua arobaini alikula vizuri, ishirini akaugeuza uso, hakutaka hata kunusa, na hapo ndipo unapojua umemsogeza mno, urudi nyuma. Mbwa aliyekataa chakula anachokipenda hajifunzi chochote wakati huo, mwili wake unataka kukimbia tu. Dakika tano tano, kila siku, kwa wiki nyingi.

Na nilisisitiza mume ndiye ashike kamba. Mbwa ni wake, na trena anayemchukua mbwa akakurudishia baada ya mwezi amefundisha mbwa kumsikiliza trena. Bibi asiachiwe mzigo huu peke yake, wala asimfundishe kwa siri mume akiwa kazini, itazuka ugomvi.

Jambo jingine, majirani. Wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu akilambwa inabidi aoshe mara saba, moja kwa udongo. Trena wa huku kwetu lazima aanze na kutoruka watu. Wageni wakija mbwa awe chumba cha nyuma na mfupa wake.

Kwenye mlango bado anakwaruza, huo ni uoga wa kuachwa peke yake na una mafunzo yake mengine, pengine na dawa nitakazomwandikia. Kwa tuktuk, jana mume kanitumia video: hatua thelathini, dagaa kamaliza.