Mashine ya sukari ikiandika "Lo": maswali na majibu

Mama yangu anaishi Uyole, ana kisukari. Juzi kajipima asubuhi, mashine haikutoa namba, iliandika "Lo". Akacheka, akasema hata mashine imeshangaa. Maana yake nini?

Simlaumu mama. Kwetu "Lo!" ni mshangao. Kwenye mashine ni kifupi cha neno la Kiingereza la "chini": sukari imeshuka hadi kipimo kimeshindwa kuitaja, kwa mashine nyingi chini ya 1.1 kwa namba za hapa kwetu (mmol/L). Hiyo ni dharura. Kama ana fahamu na anameza vizuri, apewe hapohapo nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya. Akiwa hana fahamu msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kama alikuwa mzima anacheka, huenda stripu, kile kikaratasi cha kuwekea damu, ilipata damu kidogo au ilishapita muda wake. Lakini hilo mnalichunguza sukari ikiwa imeshaingia tumboni, si kabla. Ndugu yake "Lo" ni "HI", ambayo wengi wanaisoma kama salamu. Hiyo ni sukari iliyopanda kupita mwisho wa kipimo, mara nyingi juu ya 33.3, na hapo pia ni hospitali bila kungoja kesho.

Shemeji kanitumia mashine kutoka Marekani. Inasema 118, wakati jirani yangu hapa Iringa akipata 6 anaambiwa yuko vizuri. Nimekwisha?

Hujaisha. Marekani wanapima kwa mg/dL, sisi tunatumia mmol/L. Gawanya namba yako kwa 18, utapata kama 6.6. Kinachonitisha mimi ni kinyume chake: mtu aliyezoea namba kubwa anapewa mashine ya hapa, inasoma 12.4, nukta haioni vizuri, anasoma 124 na kulala kwa amani. Sukari hiyo iko juu. Bandika plasta nyuma ya mashine, uandike kipimo inachotumia kwa herufi kubwa.

Niko Makete. Mwezi wa saba mashine inagoma, inaonyesha alama ya kipimajoto. Imekufa?

Inasikia baridi. Nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi joto 10. Ikae ndani pamoja na stripu zake kama dakika 20, ila si pembeni ya jiko la mkaa. Nawa mikono kwa maji ya vuguvugu, damu itatoka bila kukamua sana. Na kunawa kuna faida nyingine: ukitoka kumenya ndizi mbivu ukajitoboa hivyohivyo, unapima sukari ya ndizi.

Kwani watengenezaji hawavijaribu vifaa hivi kwa watu?

Wanatakiwa. Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62366, kilichotoka mwaka 2007, kinachomtaka mtengenezaji ajiulize nani atakitumia kifaa, wapi, kwa macho na mikono ya namna gani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unataka jaribio la mwisho liwe na watu wasiopungua 15 kwa kila kundi: wagonjwa kivyao, wauguzi kivyao. Mtu anapewa kifaa na kazi ya kufanya, msimamizi anakaa kimya anaangalia vidole vinakwama wapi.

Huo ukimya ndio kazi yenyewe. Muulize bibi wa Rungwe kama ameelewa, atakujibu "ndiyo, mwanangu", kwa sababu ya heshima. Mpe mashine mkononi, utamwona anaingiza stripu kichwa chini miguu juu. Mdomo unasema ndiyo, mkono unasema hapana, na mimi naamini mkono.

Kutouangalia mkono wa mtumiaji kuna gharama. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi walikufa. Programu yake ilikuwa na kasoro. Lakini pia skrini ilitoa ujumbe wa "hitilafu namba 54" ambao kitabu cha maelekezo hakikuufafanua, na wahudumu walishazoea kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Sasa ninunue vipi?

Ukifika duka la dawa, Mwanjelwa au kokote, usiridhike na muuzaji kukuonyesha. Omba uiwashe mwenyewe. Kama mtumiaji ni babu, nenda naye, avue miwani, asome namba. Uliza bei ya stripu kabla ya bei ya mashine, maana hizo utazinunua kila mara. Uliza pia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kikikusumbua baadaye, toa taarifa kwao au kituo chako cha afya, na ueleze ulichobonyeza na kilichotokea, hata kama unaona aibu kwamba kosa ni lako.